Sura ya Saba: Joho Linalovuja Rangi

Gari la Kampala liliondoka alfajiri kuja Koboko kumchukua mtuhumiwa, Lodu. Likishamchukua, kesi imekwisha. Inspekta Dramadri alijua hivyo, na wakubwa wake wa Arua walijua hivyo, ndiyo maana walimwambia asihangaike. Kazi yake ilikuwa kuandika maelezo ya shahidi mmoja, kuyapiga muhuri na kuyatia kwenye bahasha.

Shahidi mwenyewe alikuwa ameketi mbele yake. Angelo Anguyo, kijana wa Arua, mwaka wa nne wa sheria katika Chuo Kikuu cha Kasozi, kikongwe kuliko vyote vya serikali. Alikuwa mwenyekiti wa Bweni la Chui. Mfupi, shati limepigwa pasi, viatu vinang'aa. Alikuja na basi la chuo lililoleta maiti ya Moris Lomoro huko Ludara, na wenzake waliporudi Kampala, yeye alibaki kwa kaka yake, mtaa wa Mvara hapo Arua, ili atoe ushahidi.

"Mlimkuta wapi?" Dramadri aliuliza.

"Chini ya ngazi za nyuma, afande. Asubuhi, baada ya karamu ya wazee wa bweni, wale waliomaliza zamani. Amelala kifudifudi."

"Nani walimkuta?"

"Mimi na walinzi."

"Na Lodu, aliyelala naye chumba kimoja?"

"Alishakimbia. Hakumwambia mtu. Na simu ya marehemu akaondoka nayo."

Hilo la simu lilikuwa kweli. Polisi wa Koboko waliikuta ndani ya begi la Lodu, chini ya nguo chafu.

"Walikuwa na ugomvi?"

"Wiki nzima. Bweni zima lilisikia."

"Ugomvi wa nini?"

"Mambo yao ya chumbani. Sikuingilia."

Dramadri aliitazama ripoti ya daktari. "Hapa kuna kidonda kimoja tu, kisogoni, kidogo. Halafu kuna madoa mekundu shingoni na kifuani. Hayo madoa ni ya nini?"

"Si damu hiyo, afande?"

"Kidonda kidogo cha kisogoni, na damu ienee kifua kizima?"

"Mimi nasoma sheria. Udaktari siujui."

Alijibu haraka, na kwa tabasamu. Dramadri hakupenda lile tabasamu. Alielekeza kalamu kwenye kitu kilichokunjwa juu ya magoti ya kijana, ndani ya mfuko wa plastiki.

"Na hicho?"

Angelo alichangamka mara moja, kama mtu aliyeulizwa habari za mtoto wake. "Joho, afande. Joho la Chui. Sisi ndio bweni la kwanza pale Kasozi. Wakati wa Mwingereza hukuweza kuketi mezani kula bila joho jekundu. Mabweni mengine yaliacha. Sisi hatukuacha. Hata wanajeshi walipolala kwenye vyumba vyetu, wazee wetu waliyaficha majoho darini."

"Mnanunua wapi?"

"Hatununui. Fundi anakupima, anakushonea. Pindo lifike gotini, lisipite hapo wala lisipungue. Ukionekana na joho la kuburuta, bweni zima linakuzomea."

"Kwa hiyo kila mtu ana lake."

"Kila mtu na lake. Chui haazimi joho."

"Na Moris?"

"Alikuwa bado mtoto. Tunasema mtoto, yaani hajapokelewa. Kila anayeingia anapewa baba wa bweni, na baba ndiye anayeamua lini apokelewe."

"Baba wa Moris nani?"

"Lodu." Alilitamka jina kama mtu anayeweka karata mezani. "Muulize yeye."

"Basi Moris alizikwa bila joho."

"Hapana. Tulimvika ndani ya jeneza. Kwa heshima."

"La nani?"

Angelo alikohoa kidogo. "La akiba."

Dramadri aliandika neno hilo polepole, kisha akalipigia mstari. Kila mtu na lake, na hapohapo kuna la akiba. Alimwambia kijana aende nyumbani, asitoke Arua mpaka kesho. Kisha bahasha akaiacha wazi, akachukua funguo za pikipiki.

*

Lami inaishia Koboko mjini. Kutoka hapo hadi Ludara ni udongo mwekundu na mashamba ya mihogo pande zote. Boma la akina Lomoro lilijulikana kwa jeneza. Lilikuwa limesimamishwa kwenye ukuta wa jiko, tupu, limepakwa rangi nzuri, na kichwa cha chui kimechorwa juu ya mfuniko.

"Hiyo kitu iko natupa taabu," alisema mwenye boma. Alikuwa Sajini Kenyi, baba mdogo wa marehemu, mstaafu wa jeshi, kofia nyeupe kichwani. "Jirani yangu Mkatoliki nataka nunua. Namwambia, ndugu yangu, bado unakula vizuri, haraka ya nini?"

"Hamkumzika nalo?"

"Sisi hapana zika mutu na sanduku, afande. Sisi ni Waislamu."

Dramadri alilitazama tena jeneza. "Mtoto aliitwa Moris."

"Moris ni jina ya shule. Alisoma na mapadri, wakaandika Moris. Hapa nyumbani ni Musa. Baba yake alikuwa Musilimu, mimi Musilimu, sasa Musa atakuwa nini?"

"Faili la chuo linasema anaimba kwaya."

Sajini alicheka kwa mara ya kwanza. "Aliimba. Kulikuwa na musichana huko kwaya. Kuimba si dhambi."

Walikaa kwenye viti vya plastiki. Mama wa marehemu, Zam, alikuwa mlangoni na wanawake wengine, macho yamevimba. Hakusalimia. Alimwangalia tu polisi aone ameleta nini.

"Sajini, nielezee siku ile basi lilipofika."

"Wanashuka, wanaimba, wote na nguo nyekundu. Sawa. Sisi nasema asante, sasa leteni mutoto tumuoshe. Yule mufupi, mukubwa wao, anasema hapana. Daktari amekataza kufungua."

"Alisema daktari amekataza?"

"Mbele ya watu wote. Anasimama mbele ya sanduku namna hii." Sajini alitanua mikono. "Namwambia, mutoto, mimi nimebeba maiti Kongo, nimebeba maiti Sudan. Toka. Mufupi anatoka, jasho inamushuka."

Ripoti ya daktari ilikuwa kwenye mfuko wa Dramadri. Haikukataza lolote.

"Nani walimwosha?"

"Mimi na wazee wawili. Kwanza natoa ile nguo nyekundu. Ilikuwa kavu. Chini iko na shati nyeupe, mupya, ya mochwari. Natoa. Halafu namwaga maji ya kwanza." Alitazama viganja vyake. "Maji inakuwa mwekundu. Inatoka shingo, inatoka kifua, inatoka ndani ya sikio. Sisi nasema hii ni damu, wamemukata mutoto wetu. Tunatafuta kidonda. Hapana. Iko moja tu hapa nyuma, ndogo, na imeshakauka."

"Shati lile jeupe. Kwa ndani, kwenye kola, lilikuwa na wekundu?"

"Safi kabisa. Iko pale, tazama mwenyewe."

Shati lililetwa. Dramadri aligeuza kola nje ndani, akaipeleka kwenye jua. Nyeupe. Basi wekundu haukutoka kwenye lile joho likiwa ndani ya jeneza. Joho lilikuwa kavu, na kati ya joho na ngozi kulikuwa na shati safi. Ule wekundu ulishakauka mwilini kabla mtu wa mochwari hajamvalisha shati. Moris alikuwa amevaa kitu chekundu, kimelowa, na kimelowa kikiwa mwilini mwake.

"Na joho liko wapi?"

Sasa Zam alisema. "Iko kwangu."

"Mama, naomba nilione."

"Ile mufupi pia alikuja kuomba. Baada ya kuzika. Anasema ni mali ya chuo. Namwambia, hii ndio nguo ya mwisho kugusa mutoto yangu, chuo itakaa bila hiyo." Alifuta macho na kanga. "Nikaifua. Nikafua tena na tena. Haiishi kutoa rangi."

Kwa hiyo kijana alilitia joho jenezani kwa heshima, na lilipotolewa jenezani alilitaka mwenyewe. Dramadri alizidi kupata hamu ya kuliona.

Zam aliingia ndani, akarudi nalo. Lilikuwa la kitambaa kizito cha pamba, jekundu la kufifia baada ya kufuliwa, limeshonwa kwa mkono kwenye mabega. Dramadri aliliweka kifuani mwake mwenyewe. Yeye si mrefu wala si mfupi. Pindo lilimfikia katikati ya paja. Mwenye joho hili alikuwa mfupi kuliko yeye, tena sana.

"Musa alikuwa na urefu gani?"

"Kama wewe," alisema Sajini. "Kupita kidogo."

"Na yule mwenyekiti wao, siku ya mazishi, alivaa joho?"

Mmoja wa wanawake mlangoni alicheka, akaziba mdomo. Sajini mwenyewe alitikisa kichwa. "Alivaa. Inafagia kaburi. Mimi nafikiri, hii chuo kubwa hivi, hakuna fundi? Watoto wadogo walikuwa wanamucheka, na sisi tuko na maiti."

"Mama Zam," Dramadri alisema, "Lodu ulimjua?"

"Amekula hapa. Amelala hapa. Likizo mbili." Alikunja pembe ya kanga. "Vijana wa hapa wanasema wataenda kuchoma kibanda ya mama yake, Agnes Keji, sokoni Koboko. Amefunga, anajificha humo. Mimi sijui niseme nini. Asubuhi ile, simu ya Musa inaingia kwangu. Nasema haloo, haloo, Musa. Mutu analia tu. Halafu inakatika. Hata sasa sijui ile ilikuwa nani. Kama ni Musa, alikuwa bado hai. Kama ni ule aliyemuua, kwa nini analia?"

Dramadri aliomba achukue joho.

"Utarudisha?"

"Si karibuni. Litakwenda mahakamani."

Zam alilikunja vizuri, kama mtu anayekunja nguo za safari, akampa.

*

Kituoni Koboko, konstebo Rejoice alikuwa kaunta akinywa chai. Alimwona Dramadri, akasimama.

"Afande, Kampala wamepiga. Wameshavuka daraja la Pakwach. Wamesema niandae karatasi za kumkabidhi."

"Ziandae. Lakini usiharakishe."

"Nisiharakishe vipi?"

"Wewe unajua."

Lodu alitolewa seli. Alikuwa mrefu sana, mwembamba, na ilibidi ainame kupita mlangoni. Wazazi wake walivuka mpaka kutoka Sudan Kusini yeye akiwa mgongoni. Aliketi, magoti yakafika karibu na kidevu.

Dramadri hakumwonea huruma. Alimtilia shaka kama alivyomtilia Angelo. Mtu anakimbia na simu ya maiti, huyo hastahili kuaminiwa kwa sababu tu ana uso wa upole.

"Wewe ndiye baba yake wa bweni."

"Ndiyo, afande."

"Na mligombana."

"Ndiyo."

"Kwa nini?"

"Alitaka nimpokee. Nikakataa."

"Mnampokeaje mtu?"

Lodu alipangusa uso. "Kuna hodhi la mawe katikati ya bweni. Liko tangu mwanzo, Waingereza walifugia samaki. Baba anavua joho lake, anamvika mtoto. Mtoto anazamishwa, mara tatu, na joho lile. Akitoka anakuwa Chui. Joho linarudi kwa baba, yeye anakwenda kwa fundi kushona lake."

"Na rangi?"

Lodu alishtuka kidogo. "Afande umejuaje habari ya rangi?"

"Sema."

"Majoho yetu yanavuja. Zamani yalitoka Uingereza. Miaka ile ya vita hayakuja tena, wazee wakatafuta fundi mjini, akashona ya pamba na kuchovya rangi mwenyewe. Mpaka leo ni hivyo. Ukizamishwa, shingo na kifua vinabaki vyekundu wiki nzima. Hatuogi kwa sabuni makusudi. Unatembea chuoni shati wazi, wasichana waone. Mabweni mengine wanatuita waliochinjwa."

"Kila mtu wa bweni anaijua alama hiyo?"

"Kila mtu. Hata wapishi."

Basi Angelo, mwenyekiti, aliposikia madoa mekundu shingoni na kifuani, alijua ni nini. Akasema damu.

"Kwa nini ulikataa kumpokea Moris?"

"Alikuwa na kifafa." Lodu alisema kwa sauti ya chini. "Alificha. Dawa alizitia ndani ya soksi. Mimi nilijua kwa sababu nilikuwa namshika akianguka. Nilimwambia, maji hapana. Akaniambia mimi si baba, mimi ni bibi. Kila siku tukawa tunapigana maneno. Nikaenda kwa Angelo, nikamwambia kabisa, huyu mtu ana kifafa, mfute kwenye karamu. Akasema sawa."

"Usiku wa karamu ulikuwa wapi?"

"Maktaba. Sikutaka kuona wengine wanapokelewa na yeye analia. Niliporudi kulala hakuwepo. Asubuhi Angelo akaja chumbani. Akasema Moris amekufa, ameanguka ngazini, na watu wanasema ni mimi. Akasema, wewe mkimbizi, nani atakusikiliza? Akanipakia boda, akanipeleka stendi, akanikatia tikiti ya Koboko mwenyewe."

"Yeye anasema hukumwambia mtu."

Lodu aliangalia mikono yake. Lilikuwa neno la mmoja dhidi ya neno la mwingine, na mmoja wao alikuwa mwenyekiti.

"Simu ya Moris ulichukua ya nini?"

"Ilikuwa kwenye chaji. Nilitaka kumpigia mama yake. Namba yake ilikuwa humo tu. Nilipiga nikiwa ndani ya basi. Akasema haloo, haloo, Musa." Aliweka paji la uso juu ya magoti. "Nikashindwa, afande. Nikakata."

Dramadri aliacha kuandika. Habari za simu ile Zam alimwambia yeye, mlangoni kwake Ludara, na Lodu alikuwa ndani ya seli tangu aliposhuka basi.

"Joho lako wewe liko wapi?"

"Sijui. Lilikuwa limening'inia nyuma ya mlango. Asubuhi ile nilitaka kulichukua, halikuwepo. Nikafikiri Moris aliliiba ili ajipokee mwenyewe."

"Kuna joho la akiba bwenini?"

Lodu alimkodolea macho. "La akiba? La nani?"

Dramadri alisimama. "Simama na wewe. Simama wima."

Lodu alisimama. Dramadri alipima kwa macho kutoka bega lake hadi goti lake, kisha akatoka bila kumuaga. Pale kaunta alimwambia Rejoice, "Nitakupigia. Simu ikae mkononi, isikae mezani."

*

Nje kidogo ya Koboko, kwenye mteremko, gari lenye kabini mbili lilimpita likielekea alikotoka, taa zimewashwa mchana, namba za polisi, vumbi la Kampala mpaka hapa. Dereva alimpungia mkono. Dramadri alipunguza mwendo, akafikiria kugeuza. Ageuze aseme nini? Kwamba ana joho fupi na maneno ya mama aliyefiwa? Wangemcheka, wampakie Lodu, waende. Alikanyaga gia, akaendelea Arua.

Angelo alikuwa uani kwa kaka yake, begi limefungwa.

"Unasafiri?"

"Kuna mtihani, afande. Nilidhani tumemaliza."

"Nimebakiza kitu kimoja. Nimefika Ludara, nimeona mahali mlipomzika. Nataka picha ya joho, ya kuweka kwenye faili. Livae."

"Hapa?"

"Hapa. Si ulisema mnaona fahari?"

Kijana alisita, kisha akalitoa kwenye mfuko. Alilivaa kwa namna ya ajabu, mikono miwili ameshika kiunoni, amelivuta juu kama mwanamke anayevuka mto.

"Achia mikono."

"Afande..."

"Achia."

Aliachia. Pindo lilishuka mpaka kwenye viatu vyake vinavyong'aa. Mikono ilifunika vidole.

"Gotini, uliniambia."

"Nilikonda. Nilikuwa mgonjwa."

"Ukikonda, miguu inafupika?"

Dramadri alifungua kifurushi cha Zam, akalitoa lile joho lililofuliwa.

"Sasa hili."

"Hilo ni la akiba."

"Livae basi. La akiba haliwezi kukudhuru."

Kijana alisimama hapo na joho la mtu mrefu mwilini, hakusogea. Dramadri hakumsubiri. Aliliweka lile joho fupi mgongoni mwake, juu ya jingine, mabega juu ya mabega. Lilikaa sawasawa. Pindo lilifika gotini, halikupita wala halikupungua.

"Chui haazimi joho," Dramadri alisema. "Hili ni lako. La chini ni la Lodu, ulilitoa nyuma ya mlango wake kabla hujampeleka stendi, kwa sababu mwenyekiti hawezi kwenda mazishini bila joho. Na lako hukuweza kulivaa tena, mtu alifia ndani yake. Ulimvika Moris, likalowa mwilini mwake."

"Nilimvika kwenye jeneza."

"Kwenye jeneza lilikuwa kavu. Juu ya shati safi. Na chini ya shati ngozi ilikuwa nyekundu mpaka ndani ya masikio. Mimi sikusoma sheria, Angelo. Nieleze wewe, mtu analowaje mpaka ndani ya masikio kwa kuanguka ngazini?"

"Jeneza halikutakiwa kufunguliwa."

Alisema hivyo, kisha akasikia alichosema. Alijaribu kuendelea. "Nilijua ni Mkristo. Moris. Alikuwa anaimba kwaya. Nilijua watasali, wataweka maua, watashusha..."

"Na joho litashuka naye."

Angelo aliketi juu ya begi lake. Majoho mawili yalimfunika kama mtoto aliyevaa nguo za baba yake.

"Lodu alikwambia ana kifafa," Dramadri alisema.

"Aliniambia. Nilifikiri anamwonea wivu. Moris mwenyewe alinisihi. Alipiga magoti, afande, mbele ya wazee wa bweni. Watu wazima, mmoja jaji, mmoja ana kampuni, wote wamekuja kwa ajili ya usiku ule. Walisema, mwenyekiti, kijana anataka, mpokee wewe. Nikavua langu."

"Ikawaje?"

"Mara ya kwanza alitoka vizuri. Ya pili vizuri. Ya tatu akaanza kupiga mikono." Alianza kuionyesha, akaacha. "Kila mtu anafanya vituko kidogo pale. Anajifanya anazama, watu wanacheka. Ni desturi. Yeye alipiga mikono, alipiga kichwa kwenye jiwe la ukingo, tukafikiri hajawahi kutokea mchezaji kama huyu. Wazee walisimama. Walipiga makofi."

"Na wewe?"

"Nilipiga."

Kaka yake alichungulia dirishani, akarudi ndani.

"Mpaka maji yakatulia," Angelo alisema. "Tukaendelea kupiga makofi tukimsubiri atoke."

Dramadri alingoja. Uani palikuwa na kuku tu. "Nani alisema apelekwe ngazini?"

"Mmoja wa wazee. Alisema bweni litafungwa, miaka yote hii itaisha kwa sababu ya mtu mmoja. Akasema kuna yule Msudani anayelala naye." Alinyanyua uso. "Jina lake silitaji. Hata ukinipiga."

"Sitakupiga. Utalitaja Kampala, ukishalala seli siku chache ukaona hakuna mzee anayekuja kukuona."

Alitoa simu, akampigia Rejoice. Iliita sana ndipo ikapokewa, na nyuma ya sauti yake ilisikika injini ya dizeli ikinguruma.

"Afande, umechelewa. Wameshampakia. Wameshatia sahihi."

"Wako ndani ya geti?"

"Wanageuza gari."

"Funga geti."

"Afande, kuna inspekta wao hapa, mkubwa kwangu. Nitafunga kwa amri ya nani?"

"Yangu. Andika kwenye kitabu chako, Dramadri, Arua. Mwambie mtu anayemtaka niko naye hapa, na ameshasema. Funga, Rejoice."

Simu haikukatika. Alisikia hatua zake zikikimbia kwenye changarawe, mwanamume akipiga kelele kwa Kiingereza, honi ikilia mara moja, ndefu. Angelo naye alikuwa anasikiliza, kichwa amekiinamisha upande wa simu.

Kisha chuma kiligonga chuma, na komeo likaingia. Injini iliunguruma kidogo zaidi, ikazimwa.

"Imefungwa," alisema Rejoice, pumzi juu. "Mfungwa anauliza kama ashuke."

"Ashuke," alisema Dramadri. "Na mtume mtu sokoni amlete mama yake."